Waliniita Usiguse

Niliwaacha mlangoni mwa karakana ya baba, damu yake kifuani mwangu, kaka yangu mikononi mwangu. Tuanzie hapo hapo, maana mabaya yote ya wiki hii yamezaliwa na kumbatio lile.

Kwa asiyesoma ya nyuma, nasema kwa kifupi. Mimi ni mpelelezi wa polisi. Kazi yangu ni kufika kwanza mahali palipoharibika jambo na kuhakikisha hakuna anayetia mkono wake. Vijana wa kituoni walinipa jina la Usiguse, kwa sababu nalisema neno hilo mara nyingi kuliko ninavyosema habari za asubuhi.

Baba yangu alikuwa seremala. Asubuhi ile fundi viatu wa jirani alipiga simu kituoni. Alisema mzee amelala nyuma ya benchi lake la kazi, yeye kutoka mlangoni anaona miguu tu, miguu yenyewe haitikisiki, na kuingia anaogopa.

Nilikuwa zamu. Taratibu za kazi zinasema ndugu akae pembeni. Mimi niliwapita wenzangu wote mbio, nikapiga magoti kwenye maranda, nikamwinua baba kichwa na kukiweka kifuani. Alikuwa ameshapoa. Kisogo kilikuwa kimepasukia kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao.

Usiguse akagusa.

Mkuu wetu wa upelelezi alinitoa nje kwa kunishika bega. Kaka akaja mbio kutoka karakana yake ng'ambo ya barabara, tukashikana pale mlangoni, tukalia mpaka watu wakageuza nyuso. Hapo ndipo nilipowaacha.

Sasa kuna jambo moja niliwaficha wiki iliyopita. Niliwaficha kwa makusudi, kama nilivyomficha mama aliyenizaa. Leo nalisema kwa sababu limeshatoka lenyewe.

Kichwa cha baba hakikuwa kwenye saruji.

Chini yake palikuwa na koti lake la kazi, limekunjwa vizuri, limewekwa kama mto. Sasa nambie, mtu aliyeanguka na kupasuka kichwa hujikunjia koti? Kulikuwa na mtu mle ndani. Aliona baba ameanguka, akamhurumia kiasi cha kumwekea mto, kisha akaondoka zake akamwacha afe.

"Nani ameliona hili?" Mkuu aliniuliza. Sisi tunamwita Taratibu, kwa vile hata nyumba ikiungua yeye hutembea.

"Mimi, wewe na mpiga picha."

"Basi liishie kwetu. Magazeti yapate yote, ndugu wapate yote, hili hapana. Atakayelitaja nje yetu alikuwemo humu." Akanitazama usoni. "Hata mama yako, Usiguse. Unanielewa?"

Ningeachaje kuelewa? Ni mimi ninayewafundisha vijana wapya somo hilo. Kila kesi ibakishiwe kitu kimoja ambacho anakijua aliyetenda tu. Nalifundisha nikiwa nimeegemea ubao, nikicheka nao. Sikujua somo lenyewe lina uzito gani mpaka nilipolibeba hadi nyumbani.

Maana nyumbani mama hakuwa na wimbo mwingine.

"Alilalia saruji," alikuwa akisema. "Mtu aliyewachongea watu wote vitanda. Mwenyewe amekufa kichwa kwenye saruji."

"Mama, pumzika kidogo."

"Nitapumzikaje? Wewe ulimwona. Nambie kama ilikuwa baridi."

Neno moja tu lingemtuliza. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza, nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Alilirudia kwa kila aliyekuja kutupa pole. Usingizi ukimchukua anashtuka, anapapasa mto wake, analia upya. Na mimi niko pembeni na dawa yake mfukoni, kama mlinzi wa duka la dawa anayemwangalia mgonjwa akifa mlangoni.

Kisha majibu ya maabara yakaja.

Ile siku ya kwanza tulichukua mashati ya kila mwanamume wa mtaa ule, la fundi viatu na la kaka yakiwemo. Ndivyo inavyofanywa. Hatuanzi na mtu tunayemshuku, tunaanza na vitu, halafu vitu vinatupeleka kwa mtu. Yeyote akiingia mahali huacha chake na huondoka na cha mahali hapo, hata kama ni vumbi tu. Kila mguso una alama yake.

Shati la fundi viatu lilikuwa na gundi tu. La kaka lilikuwa na damu ya baba, kifuani na mikononi.

Wakamfuata kwenye karakana yake, wakamkuta anachomelea geti. Alivua miwani ya kazi akauliza, "Nimalizie hii bawaba?" Hawakumruhusu.

Nilisikia kijana mmoja kituoni akimnong'oneza mwenzake, kikulacho ki nguoni mwako. Aliponiona akajifanya anatafuta kalamu.

Sikuwalaumu, sababu walikuwa nazo. Mtaa mzima ulijua baba na kaka hawasemezani. Baba alimfundisha kaka useremala tangu anaokota misumari. Siku kaka alipomwambia kwamba watu sasa wanataka milango ya chuma, baba alimwambia mlango wa chuma ni wa jela, na mwanawe hatengenezi jela. Kaka akavuka barabara, akafungua karakana yake mkabala. Tangu hapo wakawa wanatazamana kutwa nzima, huyu anapiga randa, yule anapiga nyundo, salamu hakuna.

Na kaka aliandikisha maelezo kwamba tangu ahame hajakanyaga mle ndani hata kwa bahati mbaya. Sasa damu imemfikaje?

Mimi nilijua imemfikaje. Ilitoka kwangu. Nilikuwa nimelowa damu mikononi na kifuani, halafu nikamkumbatia. Mpelelezi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba aliyemgusa marehemu hamgusi mtu mwingine kabla hajabadili nguo. Mimi niliyeandika sentensi hiyo ubaoni ndiye niliyemtia kaka yangu ndani.

Tulimzika baba, kaka akiwa mahabusu.

Mama alirudi kutoka makaburini akaketi sebuleni, kwenye kile kiti cha baba kinachoyumba. Mguu mmoja ni mfupi, na baba aliahidi kuurekebisha tangu mimi niko shule. Mganga hajigangi.

"Wewe," mama akaniita, wala hakuniita mwanangu. "Nimemzika mume leo. Mtoto wa kiume naye nimzike?"

"Mama, sheria ina njia zake."

"Nilikusomesha njia hizo mimi? Kaka yako ndiye aliyeacha shule ili wewe uendelee. Alikupeleka mgongoni mvua ikinyesha, viatu vyako amevishika mkononi visilowe. Leo unaniambia sheria?"

Nikatazama mguu mfupi wa kiti.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema, akageuza uso ukutani. Kiti kikayumba naye.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisini kwa Taratibu. Nikamwambia naandikisha maelezo kama shahidi.

"Shahidi wa nini?"

"Wa damu ya kwenye shati. Niliipeleka mimi. Niliingia eneo la tukio nikiwa ndugu wa marehemu, nikamgusa, nikatoka, nikamkumbatia kaka bila kubadili nguo."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Yule mtu ananipenda kama binti yake, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Ukisaini hayo, kazi huna," akasema. "Nitalazimika kukusimamisha leo hii."

"Najua."

"Na shati halina thamani tena. Wakili yeyote atasema damu ni ya kumbatio. Hata kama nusu yake ilikuwepo kabla, hakuna maabara duniani itakayotenganisha. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haikuwepo kabla, mkuu."

"Unajuaje?"

"Namjua kaka yangu."

Akavaa miwani. "Hilo ungemkosesha mwanafunzi wako akiliandika kwenye mtihani." Akanisogezea kalamu. "Umemwokoa au umemfunika. Mimi sijui. Na wewe hujui, binti yangu. Hujui."

Nilisaini. Nikaacha kitambulisho changu mezani pake. Nikiwa mlangoni akaniita tena.

"Lile koti. Kaka yako hajaulizwa habari zake, nimehakikisha mwenyewe. Sijamwambia hata mwendesha mashtaka. Mtu yeyote akilitaja, awe nani, nipigie."

"Ndiyo, mkuu."

"Awe nani," akarudia.

Jioni ile ile wakamfungulia kaka. Nilimsubiri nje ya lango la kituo, lango la chuma alilolichomelea mwenyewe, akazitazama bawaba zake kabla ya kunitazama mimi. Alikuwa amekonda mashavu.

"Afande," akasema. Ndivyo anavyonitania tangu nijiunge.

"Si afande tena. Wamenisimamisha."

Akasimama. Kidevu kikaanza kumtetemeka, mtu mzima, na mvi zimeshamwingia. "Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mikono yangu. Twende nyumbani, mama anakusubiri."

Tukatembea. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe nilijisikia mwepesi kidogo. Nilikuwa nimepoteza kazi, lakini nina kaka. Nilikumbuka hata jinsi alivyokuwa akinichokoza mezani nikisimulia kazi zangu, mimi na kiherehere changu cha kila mguso una alama. Alikuwa akicheka, mdomo umejaa, akisema, "Kwa hiyo nikitaka kuiba nianze na kumkumbatia polisi?" Mama alikuwa akimpiga kofi la begani. Baba, enzi wanasemezana, alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Nilimkumbusha njiani ili acheke. Hakucheka. Nikadhani ni uchovu.

Mama alimpokea mlangoni. Alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa masikio kama anahakikisha yote yamerudi. Akamkalisha kwenye kiti cha baba. Kaka alitaka kukataa, mama akamsukuma, kiti kikayumba, na kaka akaweka mguu wake kukizuia bila hata kutazama, jinsi baba alivyokuwa akifanya.

Mama alipoona mguu ule akaanza upya.

"Hukumzika baba yako," akasema. "Hukumwona. Labda bora hukumwona. Alilalia saruji, mwanangu. Kichwa chake kwenye saruji, peke yake, kama mtu asiye na watoto."

"Mama, basi," nikasema.

"Nikifumba macho naiona ile saruji. Mtu akifa kitandani unasema amekwenda. Huyu nitasema nini? Hata kitambaa cha chini ya kichwa hakupata."

Kaka aliinama. Machozi yalimdondoka moja kwa moja sakafuni. Akamshika mama magoti.

"Hapana, Mama. Usiseme hivyo. Hakulalia saruji."

"Nani kasema?"

"Alikuwa na koti lake chini ya kichwa. Alilala vizuri. Usijitese hivyo, Mama. Alikuwa na koti lake."

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nililiweka mezani polepole.

Mama alifunga macho. Nilimwona anavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu siku ile, na mabega yakashuka. "Koti lake," akasema. "Lile la kazi?"

"Lile lile."

"Ahsante Mungu," mama akasema. "Ahsante. Alikuwa na koti lake."

Mimi nilisimama pale nikafanya nilichofundishwa. Sikukitaka, kilikuja chenyewe. Kabla hujamshuku mtu, ondoa kwanza njia nyingine zote. Fundi viatu? Aliona miguu tu. Mpiga picha? Ni bubu wa kazi, hata mkewe hamwambii kitu. Kituoni? Taratibu alihakikisha. Mimi? Nilimeza neno hilo mbele ya mama mzazi.

Nilitafuta njia nyingine. Nawaapieni nilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba inayoungua.

"Kaka," nikasema. Sauti ilitoka ya kazini, siyo ya nyumbani. "Koti lilikuwa limewekwaje?"

"Acha kumhoji mwenzako," mama akasema bila kufungua macho. "Ametoka mahabusu leo."

Lakini kaka alishajibu. Alikuwa bado anamtuliza mama, anampapasa mikono, anamwambia taratibu kama anamsimulia mtoto alale.

"Limekunjwa mara mbili, Mama, vifungo kwa ndani visimuumize. Kama alivyotufundisha kukunja. Alisema kichwa kinamuuma, basi, akafumba macho, akawa kama amesinzia..."

Akasikia alichokisema.

Aliacha sentensi pale pale. Mkono wake ukabaki juu ya mkono wa mama, hausogei. Aliinua macho polepole mpaka yakanifikia.

Alisema. Baba alisema kichwa kinamuuma. Kwa hiyo walisemezana. Baada ya miaka yote ya kutazamana kutoka pande mbili za barabara, walisemezana asubuhi ile, na mimi sijui walisemezana nini kabla ya jiliwa. Sijui kama alimsukuma au aliteleza. Sijui kama kaka aliondoka akidhani mzee amelala, au aliondoka akijua. Na kuna kitu kingine sikijui, nacho ndicho kinachonichoma zaidi. Sijui kama pale mlangoni alinikumbatia kwa uchungu au kwa sababu alikumbuka somo langu la mezani.

Nilipoandikisha maelezo nilisema mimi ndiye niliyemkumbatia. Sasa nikaiona picha upya. Mimi nilikuwa nimesimama. Mikono yangu ilikuwa chini. Yeye ndiye aliyekuja mbio na mikono imefunguka.

Shati halisemi kitu tena, nimelinyamazisha mwenyewe kwa saini yangu. Kilichobaki katika kesi ya baba yangu ni koti, na waliosikia koti likitajwa ni mimi na mama. Mama hajui alichosikia.

Simu ilikuwa mfukoni. Niliihisi pale pajani, nzito.

"Kumbe hivyo," mama akasema. Alikuwa amefungua macho, na yalikuwa na amani ambayo sikuwa nimeiona siku zote zile. Kisha akanigeukia mimi, na ile amani ikaingia doa. "Kumbe wewe ulijua muda wote. Nimelia mbele yako, ukaniacha nilie. Kaka yako ukamwambia, mimi mama yako hukuniambia."

Nikayashusha macho kwenye sinia.

"Ni wewe uliyemwambia, siyo? Ulimwambia kule kituoni."

Kaka hakutikisa kichwa, wala hakunikonyeza. Alinitazama tu, kama siku zile za mvua aliponishusha mgongoni mbele ya darasa na kunikabidhi viatu vyangu vikavu. Mguu wake ulikuwa umekiachia kiti, na kiti kilikuwa kinayumba.

"Ndiyo" ni neno fupi. Ningelisema, mama angenikasirikia wiki moja kisha angenisamehe, na angelala usingizi usiku huo, na angekuwa na mtoto wa kiume mpaka afe. Baba angebaki na koti lake.

"Nijibu, mwanangu," mama akasema. "Ni wewe?"

Alinyoosha mkono akaushika wangu, ule ule uliomwinua baba kichwa, akangoja jibu.